Mahindi Yaliyofumuliwa

Shangazi yangu alishinda zawadi ya kwanza ya kutarizi mara saba kwenye maonyesho ya kilimo, na hakuna hata siku moja mtu alimwita msanii. Ukishuka matatu Wundanyi ukauliza njia ya kwake, utaelekezwa kwa mama wa vitambaa. Hilo ndilo jina. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kuhakiki kazi za watu, nilipitisha miaka arobaini na kitu kabla ya kumtazama kama mtu aliyetengeneza kitu cha kutazamwa. Nilikuwa na sababu. Kazi zake nilizikalia.

Msomaji aliyelelewa Kenya hahitaji maelezo hapa. Makochi yana vitambaa mgongoni na kwenye mikono, meza ina chake, redio ina chake, na siku televisheni ilipoingia nyumbani ilishonewa chake kabla hata stima haijafika. Mgeni akiegemea, kitambaa kinateleza, na mtoto wa nyumba anatumwa akinyooshe. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilipopata chumba changu cha kwanza Nairobi, shangazi alinitumia seti ya vipande kumi na viwili. Niliifungia kwenye mfuko wa plastiki, nikaisukuma chini ya kitanda, kwa sababu wenzangu wa chuo walikuwa wanabandika picha za Che Guevara ukutani na mimi sikutaka kuonekana mshamba. Wacha niiseme aibu hiyo mapema, maana itarudi.

Kwa Kiswahili cha michezo tunasema ndondi za ridhaa, mabondia wa ridhaa, yaani wale wasiolipwa. Ni neno zuri, lakini ukilihamishia kwenye sindano linaanza kusumbua. Ridhaa ya nani? Kule Lamu, mwanamume anayeshona kofia ya vito anaitwa fundi. Anakaa barazani mchana kweupe, anazungushia uzi kitundu kimoja baada ya kingine, kofia moja inaweza kumla miezi, na ikiisha ina bei na mnunuzi anabishana naye juu ya bei hiyo. Shangazi alishona usiku, baada ya ng'ombe na baada ya vyombo, taa ya mafuta ikiwa imesogezwa mpaka karibu iunguze nywele. Hakuna aliyemlipa na hakuna aliyefikiria kumlipa. Ukimuuliza anafanya nini, sindano ikiwa mkononi, alikujibu, "Nimekaa tu." Wanawake wangapi wa rika lake wametoa jibu hilohilo, na sisi tukaliamini?

Sindano yenyewe haikuja mikononi mwake bila historia. Alijifunza kwenye darasa la wasichana la misheni, miaka ya hamsini, wakati ambapo wakoloni waliamini kwamba mwanamke Mwafrika akishajua kushona, kuoka na kuogesha mtoto kwa utaratibu, siasa zitampita kando. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa 1952, mwaka uleule wa kutangazwa Hali ya Hatari, chini ya mkono wa serikali, na vilabu vyake vilifundisha mambo hayohayo ya nyumba. Huko Kati vilitumiwa pia kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Taita haikuwa Nyeri, lakini mishono ilikuwa ileile: wa shina, wa mnyororo, wa msalaba, wa kujaza. Mwanahistoria wa sanaa Rozsika Parker, kwenye kitabu chake The Subversive Stitch, alionyesha jinsi sindano ilivyotumika Ulaya kumfunza msichana kuwa mwanamke mtulivu, na jinsi wanawake walivyoitumia sindano hiyohiyo kusema yasiyokuwa matulivu. Kitabu hicho kilitoka 1984. Ukumbuke mwaka huo.

Sasa tuingie kwenye ukumbi wa mashindano, au shoo, kama tulivyoiita sote. Maonyesho ya kilimo nchini yana umri wa zaidi ya karne. Walowezi waliyaanzisha waonyeshane mafahali na ngano, na kazi za mikono za wake zao zikapata banda lao pembeni. Banda hilo ndilo wanawake wetu walirithi. Vikapu vya mkonge, ambavyo Wataita wanavisuka kwa namna ya kumwaibisha mtu, vilikuwa kwenye kundi la kazi za kiasili. Vitambaa vilikuwa kwenye kundi la ustadi wa nyumbani. Bibi mmoja aliweza kushinda kote kuwili na bado asiingie kwenye kundi la sanaa, maana huko walikuwa wanaume na picha zao za rangi za machweo ya Amboseli. (Nyingi zilikuwa mbaya sana. Nimezitazama kwa haki zote.)

Shangazi ananiambia kwamba waamuzi walikuwa wakifika mezani hawatazami picha kwanza. Walikigeuza kitambaa. Walitaka kuona nyuma. Mshonaji hodari haachi fundo, anaficha mwanzo na mwisho wa uzi chini ya mishono mingine, havuki kutoka ua moja hadi jingine kwa uzi mrefu unaoning'inia kama kamba ya nguo. Nyuma ya kitambaa chake kunatakiwa kukaribia kufanana na mbele. Ndipo wakakipima: ncha zimepindwa sawa? Rangi zinachuja? Kina matumizi gani? Neno hilo la mwisho lilikuwa kigezo kamili chenye alama zake. Kitambaa lazima kiwe cha kitu: cha sinia, cha kochi, cha mto.

Wale tuliosomea fasihi kwenye shule za nchi hii tulikaririshwa kwamba kazi yoyote ina fani na maudhui, na mwanafunzi anayeitazama moja akasahau nyingine anapoteza alama. Waamuzi wa shoo walikuwa wahakiki wa fani peke yake. Silaumu sana. Fani ya sindano ni ngumu kuliko wahakiki wengi wa mashairi wanavyoweza kufikiria, na angalau waamuzi hao waliishika kazi mkononi kabla ya kuisema.

Ushindi wa kwanza wa shangazi ulikuwa kitambaa cha sinia chenye bibi wa Kizungu. Kama umewahi kuona vitambaa vya zamani unamjua bibi huyu: gauni lililofunguka kama mwavuli, kofia pana iliyofungwa kwa utepe, kikapu cha maua mkononi, nyumba ndogo nyuma yake. Picha hiyo ilienea sana Uingereza miaka ya thelathini, kwenye karatasi za mifano zilizouzwa kwa wanawake waliotarizi nyumbani, na meli na misheni zikatuletea. Mchoro wa shangazi ulinakiliwa kwa kabonpepa kutoka karatasi iliyokuwa imenakiliwa na wanawake wengine mpaka ikawa laini kama kitambaa chenyewe. Kitu kimoja kuhusu bibi huyo: hana uso. Kofia inaufunika, au amegeuka. Uso ni mgumu kutarizi, na aliyebuni mchoro alijua. Mishono miwili ikipotea, bibi anakuwa na kiharusi.

Nimekitazama kitambaa hicho mara nyingi. Ni kazi safi, baridi, kama insha ya mtahiniwa aliyejua mwalimu anataka nini. Tausi waliofuata, waliompa ushindi wa pili na wa tatu, wana uhai zaidi, hasa yule wa kushoto ambaye mkia wake unavuka mpaka wa mapambo na kutoka nje kidogo. Lakini ni tausi, na shangazi hakuwahi kumwona tausi. Waridi za ushindi wa nne sitazisemea, ni waridi.

Kipo kitambaa kimoja ambacho sikuwahi kukikalia. Nilikikuta mwaka juzi, chini kabisa ya sanduku lake la bati, ndani ya gazeti, wakati nikimtafutia kadi ya hospitali. Ni marekani ya kawaida, isiyopaushwa, urefu wake kama hatua moja ya mtu mzima na upana nusu yake. Hakina ua. Ncha zake hazikufumwa kitu. Juu yake pana foleni.

Ni wanawake ishirini na watatu, nimewahesabu mara tatu, wote wamegeuka. Tunawaona migongo. Kila mmoja ana kanga au leso begani na kila pindo ni tofauti, limeshonwa kwa mnyororo mwembamba, nyuzi mbili tu kati ya zile sita ambazo uzi wa kutarizi huja nazo. Foleni haiendi kando, inapanda, maana kwetu hakuna mahali tambarare, na mpandaji wa juu kabisa anafika kwenye meza ambayo mtu ameketi. Huyo ndiye pekee aliyetugeukia. Ni mdogo kama punje ya mchele na hana uso, ana kofia. Kando yake magunia, na kwenye magunia herufi za kigeni, zote zimegeuzwa, kama zinazosomwa kwenye kioo. Na mikononi mwa wanawake, kwenye madebe, kwenye beseni, kwenye lundo pembeni mwa meza, hakuna kitu. Pana mstari wa penseli uliofifia, na ndani ya mstari vitundu vya sindano, mamia, bila uzi.

Mtu wa umri wangu akiona foleni ya namna hii haulizi ni mwaka gani. Mwaka 1984 mvua ilikataa nchi nzima, na mahindi yaliyotuokoa yalikuwa ya njano, kutoka Marekani. Tulikuwa tunajua mahindi meupe. Ya njano tuliambiana kwamba kwao ni chakula cha mifugo. Ugali wake ulikuwa na rangi ya nguo iliyochovywa, na harufu ambayo hadi leo naweza kuitambua nikiwa usingizini. Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa natumwa alfajiri kushika nafasi kwenye foleni kwa chifu mpaka shangazi afike, na siku moja nikasinzia, nafasi ikapita.

Kwa hiyo nilipokifungua kitambaa nilikaa chini. Kisha nikafanya kile wahakiki hufanya: nikaandika. Niliandika kurasa nne kwa usiku mmoja. Niliandika kwamba mwanamke huyu alichukua ujanja wa bibi wa Kizungu, ule wa kuficha uso kwa sababu uso ni mgumu, na kuugeuza ukawa jambo jingine kabisa: tunaona migongo kwa sababu sisi tunaotazama tumesimama nyuma yao, sisi ndio wa ishirini na nne. Hilo bado naliamini, na nitalitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini nguvu zangu zote nilizimalizia kwenye vitundu. Niliandika kwamba njaa haiwezi kushonwa, kwamba msanii alitoboa mahali pa mahindi akaacha patupu makusudi. Nikamleta Elizabeth Parker kama shahidi.

Huyu Parker hana undugu na yule wa kitabu. Alikuwa mtumishi wa ndani huko Sussex, Uingereza, na takriban mwaka 1830 alichukua kitambaa cha kitani na uzi wa hariri mwekundu akaandika maisha yake kwa mshono wa msalaba: hakuna ua, hakuna mpaka wa mapambo, maneno tu, mstari juu ya mstari. Anaanza kwa kusema hajui kuandika, na anayasema hayo kwa maandishi. Anaeleza ukatili aliofanyiwa alikoajiriwa, na jinsi alivyofikia kutaka kujiua. Kisha maneno yanakatika katikati ya sentensi na sehemu ya chini ya kitani inabaki tupu. Kitambaa hicho kipo kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Sijafika, nimekitazama kwenye skrini, nikikikuza mpaka misalaba ikawa kama matofali. Nilichopenda kuhusu Parker ni ule utupu wa chini, na nikaushonea kwa nguvu kwenye utupu wa shangazi. Kazi mbili, nikaandika, zinazosema kwa kunyamaza. Nilijisikia mwerevu sana.

Nikapanda Wundanyi nikamsomea. Nilifikiri ni heshima. Ni kazi yake, asikie kinachosemwa.

Shangazi alisikiliza akiwa amefumba macho, si kwa kutafakari, ana mtoto wa jicho kote kuwili na mwanga unamuumiza. Nilipofika kwenye vitundu mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani nimemliza. Nikapunguza sauti.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "mahindi yalikuwepo. Nilifumua."

Alicheka hadi akaomba maji.

Hadithi yenyewe ni hii. Alikishona kitambaa cha foleni mwishoni mwa mwaka ule wa njaa, kwa uzi wa Anchor alionunua Voi kwa pesa za kuku watatu, kuku ambao kwa vyovyote wangekufa. Mahindi aliyajaza yote kwa njano, punje kwa punje, mafundo madogo ya kuzungushia sindano. Alikipeleka shoo mwaka uliofuata. Kadi ya mwamuzi bado imechomekwa pini kwenye pembe, nimeiona: "Kazi ya bidii. Haina matumizi. Nyuma si safi. Herufi zimekosewa." Herufi ziligeuka kwa sababu aliweka kabonpepa juu chini akinakili gunia, na alipogundua alikuwa ameshamaliza magunia mawili, akasema basi, yageuke yote yafanane. Nyuma si safi kwa sababu huwezi kushona mafundo elfu moja na kitu bila nyuma kuonyesha. Hakupata hata nafasi ya tatu.

Mwaka uliofuata alitaka kushona alizeti. Duka la Voi halikuwa na njano, na pesa za kwenda kuitafuta Mombasa hazikuwepo. Akakaa na kitambaa cha foleni magotini jioni tatu, akayafumua mahindi yote. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja kama nywele zilizosukwa. Aliulowesha, akauzungushia kwenye chupa iliyojazwa maji ya moto, ukanyooka. Akashona alizeti. Alizeti ikashinda.

"Na zawadi ilikuwa blanketi," akasema. "Lile la mistari. Si ndilo ulikuwa unalalia wewe?"

Ndilo. Nililalia mpaka darasa la nane.

Nilishuka mlima nikiwa na kurasa zangu nne mfukoni na sikujua nizifanye nini. Mtu aliyesoma nadharia ana jibu la haraka: nia ya mtunzi si sheria, kazi ikishatoka mikononi mwake inajisemea, vitundu ni vitundu. Nimewahi kuwapa wanafunzi jibu hilo. Safari hii halikunishuka kooni. Kwanza kwa sababu nia ya mtunzi ilikuwa nzuri kuliko yangu. Yeye hakuacha patupu. Alijaza. Alitaka mahindi yaonekane, mengi, mabaya, ya njano ya kuumiza macho, chakula cha mifugo ambacho watu walikipandia mlima. Mimi ndiye niliyependelea njaa iwe tupu na kimya, labda kwa sababu hivyo inapendeza kwenye makala.

Halafu kuna hili ambalo silifurahii. Nilikuwa nimewacheka waamuzi kwa kugeuza vitambaa na kutoa alama kwa usafi wa nyuma. Mimi nilifanya nini? Nilikigeuza nikatoa alama kwa uchafu wa nyuma. Nilipita juu ya kazi saba zilizoshinda nikachagua ile iliyoshindwa, kwa sababu tunawapenda wanawake wa aina ya shangazi wakiwa wamedhulumiwa, sanduku limefungwa, hakuna aliyewaelewa mpaka sisi tufike. Mwenyewe alipenda kushinda. Ukimuuliza kuhusu maisha yake ya sindano hataji foleni hata kidogo; anataja shoo moja baada ya nyingine, nani alikuwa wa pili, na nani alilia. Vyeti vyake vimefremiwa kwa kioo. Foleni ilifungwa kwa gazeti. Mhakiki anayedai kumheshimu lazima aanzie kwenye kioo hicho.

Kwa hiyo nilienda kuitafuta alizeti. Ipo Mombasa, kwa binamu yangu, juu ya friji, chini ya trei ya vikombe. Ilipaswa kuwa kitambaa cha sinia na kwa miaka karibu arobaini imekuwa hivyo; mwamuzi wa matumizi apumzike kwa amani. Binamu aliondoa vikombe, akauliza kama ninataka kuinunua. Nilitaka kuitazama tu, nikamwambia, akaniangalia jinsi watu wanavyowaangalia wahakiki.

Ni ua moja kubwa, limeinama kidogo upande wa kulia, petali thelathini na tano kwa mshono wa kujaza. Ukiiangalia haraka ni picha nyingine ya banda la ustadi wa nyumbani. Lakini isogeze dirishani. Petali za juu zinang'aa. Za chini, kumi na moja hivi, zimefifia, zina vinyweleo vidogo, njano yake imelegea kuelekea kahawia. Uzi mpya kidogo aliokuwa nao aliuweka juu, mahali jua lingepiga. Uzi wa foleni, uliochoka kwa kushonwa, kufumuliwa na kuchemshwa, aliuweka chini, mahali pa kivuli. Uchovu wa uzi ndio uliokuwa kivuli. Kadi ya alizeti shangazi anaikumbuka neno kwa neno kwa sababu ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizopata: kivuli kizuri sana.

Nikaigeuza. Nyuma ni safi. Nilitafuta fundo moja tu, nikapitisha ukucha petali zote, na sikupata.

Nadhani hii ndiyo kazi yake bora, na nasema hivyo nikijua kwamba ni alizeti juu ya friji. Foleni ina wazo kubwa zaidi, hilo halina ubishi. Lakini alizeti imefanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye kurasa za mtu: imepitisha mahindi ya 1984 mbele ya waamuzi waliokuwa wameyakataa mwaka mmoja kabla, yakapewa zawadi ya kwanza, yakageuka blanketi. Kama hilo si maudhui, sijui tulikuwa tunakaririshwa nini shuleni. Naye hakulipanga kama hoja. Alilipanga kama mtu ambaye ana uzi wa njano mahali pamoja na anauhitaji mahali pengine.

Na vitundu? Ningependa kurudi kwa Elizabeth Parker, maana nilimtumia vibaya pia. Niliishia kwenye utupu wa kitani chake kana kwamba na yeye aliishia hapo. Hakuishia hapo. Aliishi, akawa mwalimu wa shule huko huko Sussex, akafariki 1889 akiwa mzee. Ule utupu unaonitetemesha ni mahali ambapo mtu aliweka sindano chini akaenda kuendelea na mambo mengine. Vya shangazi vilevile. Si ukimya. Ni kama ukurasa wa daftari la dukani ambapo deni limefutwa kwa sababu limelipwa mahali pengine, na mstari wa penseli bado unaonyesha kiasi.

Nilimpigia simu kumwambia nimeiona alizeti. Alitaka kujua kama binamu anaifua kwa jiki. Nikamwambia pia kwamba kuna watu Nairobi wanaandaa maonyesho madogo ya kazi za nyuzi na wangependa foleni, kama ilivyo, na vitundu vyake.

"Kama ilivyo?" akauliza. "Haijaisha."

Nikajaribu kumweleza kwamba vitundu ndivyo wanavyovitaka. Kimya kirefu. Nikasikia kuku.

"Niletee uzi wa njano," akasema. "Mwezi ujao wananifungua jicho la kulia. Nirudishe mahindi ya watu, halafu wapelekee."

Sijui kama nimtii. Kama mhakiki naona kwamba akiyarudisha, ushahidi wa safari ya ule uzi utapotea, na kitambaa kitakuwa kizuri zaidi na kitasema kidogo zaidi. Kama mtoto wa kaka yake, sioni nina haki gani ya kumzuia mtu asimalize kazi yake. Nilienda Biashara Street nikanunua vishada kumi na viwili. Njano ya siku hizi inang'aa kuliko ile ya alizeti, nimeilinganisha kwenye picha ya simu, haifanani. Ipo kwenye mfuko wa plastiki, hapa juu ya meza, na Jumamosi napanda Wundanyi.